Tarumbeta Lililolia Siku ya Ijumaa

Gadiel ni fundi wa rejeta za magari. Kibanda chake kiko Ngarenaro, kati ya wachomea mageti na mama mmoja anayenunua vyuma chakavu. Ana miaka sitini na nane. Mimi namzidi sita. Ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu Tabea, na kati ya nyumba yake na yangu, huku juu ya Usa River, kuna mstari wa masale tu, yale majani ya mpaka. Akikohoa nasikia. Nikikohoa mimi, anakuja kuuliza kama ndiyo safari yenyewe au bado.

Nataka kueleza habari zake. Sitazirefusha. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwa mwinjilisti, na kuandika naandika polepole.

Baba yao alipuliza tarumbeta la besi katika usharika wetu. Mzee alipofariki, kaka wakubwa walichukua kahawa na migomba, Gadiel akapewa tarumbeta. Hakulalamika. Nota hajui. Nyimbo anazijua kwa midomo. Ukimuuliza wimbo fulani unaanzaje hawezi kukuimbia. Anabana midomo, anaangalia juu, halafu anakwambia subiri nikalete chombo.

Ufundi alifundishwa na mzee mmoja Kalasinga aliyekuwa na gereji mjini. Alimfundisha kugonga shaba kwa kidole na kuisikiliza kabla ya kuigusa kwa moto. Tena alimfundisha maji. Rejeta ikishachomewa, Gadiel anaziba matundu yake yote isipokuwa moja, anaizamisha kwenye pipa, anapuliza kwa kinywa chake mwenyewe. Povu likitoka, hapo ndipo panapovuja. Wenzake wana mashine ya upepo. Yeye anasema mashine inapuliza bila kusikiliza.

Miezi kumi iliyopita tulimzika Tabea. Gadiel alipuliza kaburini, ule wimbo wa kuteremshia jeneza. Alipuliza mpaka mwisho bila kukosea. Watu walipoondoka akaja kwangu, akalitundika tarumbeta lake kwenye msumari wa sebuleni, pale ilipokuwa kalenda.

"Likae hapa kwanza, shemeji," akasema.

Likakaa. Pasaka ikapulizwa bila besi. Watu walisikia pengo, lakini hakuna aliyemuuliza. Mimi nililifuta vumbi kila Jumamosi, kwa sababu Tabea asingekubali kitu cha sebuleni kiwe na vumbi.

Sasa kuna Joyce. Joyce ni mtoto wa Sifaeli wa ng'ambo ya mto. Alianza kuimba shule ya Jumapili, na mwalimu wake alikuwa Tabea, aliyeongoza watoto kwa mwiko wa ugali. Mtoto yule alikuwa na sauti ya kupasua bati. Akaendelea, akapelekwa nje kusomea kuimba tu, miaka mitano. Nilidhani wanatania. Sasa anaishi Dar es Salaam na anafundisha wengine, na mwaka huu akarudi Arusha kuimba na okestra ndogo, watu kumi na sita, wengi wao wa kupiga fidla. Wa kuwaongoza alikuja mgeni kutoka Denmark, mama mrefu mwenye nywele nyeupe, anaitwa Bente. Sisi tukamwita Mama Bente.

Joyce aliniletea kadi mwenyewe. Jumamosi, saa kumi jioni, kanisani, upande wa Kimandolu. Akanionyesha kwenye karatasi ya ratiba: wimbo wa mwisho umewekwa kwa kumbukumbu ya Mama Tabea. Jina lake limepigwa chapa kabisa. Ni wimbo wa zamani wa huko kwao Mama Bente, wa mama anayeita watoto wake jioni, na tarumbeta linamjibu kwa mbali, kama mlima unavyojibu. Nikaikunja ile karatasi nikaiweka kwenye mfuko wa shati.

Kadi ilikuwa ya dabo. Nadhani zilichapwa zote hivyo. Joyce aliiona wakati ananikabidhi, akasema naweza kuja na yeyote. Nikamwambia Gadiel.

"Dabo na wewe?" akasema. "Watasema tumeoana."

Lakini alikubali.

Jumatano nilikuwa mjini kutafuta mpira wa bomba la kunyunyizia dawa. Nikapita kwa Gadiel kumsalimu. Nikamkuta Joyce pale, amesimama kwenye oili na viatu vyeupe, na pembeni yake bwana mnene anakaribia kulia. Ndiye mpiga tarumbeta wao, Mutiso, amekuja na basi kutoka Nairobi. Namanga walishusha mizigo kukaguliwa, na wakati wa kuirudisha mtu akaweka mota ya mashine ya kusaga juu ya begi lake. Akafungua begi tuone. Lile tarumbeta limeviringwa kama konokono, mabomba yanazungukana huwezi kujua linaanzia wapi. Mdomo wake mpana ulikuwa umejikunja kama kofia iliyokaliwa.

Arusha nzima hakuna lingine kama hilo, na Nairobi Mutiso alikuwa amepiga simu, hakupata wa kumwazima lake kabla ya Jumamosi. Mama Bente alikuwa ameshasema: Jumamosi kabla ya watu kuingia, kama tarumbeta halilii, wimbo wa mwisho unatolewa. Nikashika mfuko wa shati.

Gadiel hakutaka. Alisema yeye ni wa rejeta. Alisema kuna fundi wa masufuria soko la Kilombero. Alichukua kitambaa akaanza kufuta rejeta ambayo ilikuwa safi.

"Mzee Gadiel," Joyce akasema, "wimbo huo nimeuweka kwa jina la dada yako. Bila hiki chombo hauimbwi. Nikiondoka hapa sina mlango mwingine."

Gadiel akaweka kitambaa. Akalichukua lile tarumbeta kama unavyochukua mtoto wa mtu, akaligonga kwa kidole, akasikiliza. Akaligonga tena mahali pengine.

"Liacheni," akasema. "Na huyu mwenyewe akae mbali."

"Mzee, usije ukaligonga kama rejeta," Mutiso akamwambia.

"Siwezi. Rejeta ina kazi nzuri zaidi."

Alichonga kipande cha mti wa mringaringa kikawa duara, akakifunga kwenye fimbo, akakipitisha ndani ya mdomo wa tarumbeta, akawa anasukuma bonde moja baada ya jingine, polepole, siku mbili. Mahali palipopasuka alichomea kwa risasi ya kuyeyusha. Alhamisi alilizamisha kwenye pipa la maji. Mutiso, ambaye alikuwa ameambiwa akae mbali na amekaa hatua tatu tu, aliona chombo chake kinazama na akakalia gia boksi ya watu bila kuangalia kama ina oili. Gadiel akamwambia shaba haiogopi maji, wanaoogopa ni wenyewe.

Ijumaa asubuhi okestra ilifanya mazoezi bila tarumbeta. Kuanzia saa sita Gadiel hakuweza tena kusikia kitu pale Ngarenaro. Wachomea mageti walikuwa wanakata vyuma. Akaona heri alilete nyumbani, alisikilize kwenye utulivu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mimi nilikuwa mferejini. Ilikuwa zamu yangu ya maji, na mfereji ulikuwa umezibwa na majani huko juu, kwa hiyo nilikuwa na jembe langu ndani ya maji mpaka magotini, na maji yanapiga kelele. Sikusikia kitu. Gadiel alisimama kwenye kahawa chache alizopanda mwenyewe, akauelekea mlima, akaweka midomo. Alitaka kujaribu tu. Lakini nimeshasema, nyimbo anazo midomoni, na midomo yake ilikuwa haijapuliza tangu siku ile. Ikaanzia pale ilipoishia. Akapuliza wimbo wa kaburini, wote, na kwa sauti ya lile konokono la Nairobi ulifika mpaka barabara ya lami.

Kwetu tarumbeta likilia Jumapili ni ibada. Jumamosi huenda ni harusi. Ijumaa saa tisa alasiri, na wimbo ule, hakuna maelezo mengine. Na tarumbeta wote wanajua linakaa kwangu. Na wiki nzima nilikuwa nakohoa, na simu yangu haikuwa na chaji.

Nilipomaliza mfereji nikapanda nyumbani. Nikakuta watu uwanjani kwangu. Viti vya plastiki vimepangwa. Kuna kuni zimeshushwa. Wanawake wamekaa wanamenya ndizi, na Agnela, jirani na rafiki yake Tabea, yuko katikati na beseni limejaa. Gerson, mzee wa kanisa, amesimama mlangoni na kitabu cha nyimbo, anahangaika na kufuli langu.

Nikawasalimu. Visu vikasimama kwenye ndizi.

"Nani amekufa?" nikauliza.

Agnela ndiye aliyepata sauti kwanza.

"Wewe, Baba Elinaza."

Nikasimamisha jembe. Nikasema poleni. Baadhi yao wakasema asante, kwa mazoea tu.

Gerson alikuwa ameshatangaza kwenye kundi la simu la usharika. Akafuta haraka, lakini watu kumi na tisa walikuwa wameshaweka picha ya mikono ya kusali. Simu yake ikalia. Alikuwa mwanangu Elinaza kutoka Mwanza. Gerson akanipa simu kama anatoa kaa la moto.

"Baba, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Wewe kabisa?"

Nikamwambia nina matope magotini, kama anataka ushahidi. Akacheka, halafu akalia kidogo, halafu akanigombeza kuhusu chaji.

Wakati huo Gadiel akapenya kwenye masale na tarumbeta kifuani. Uso wake ulikuwa umesawijika. Hakuwaona watu vizuri, alikuwa ananitafuta mimi.

"Shemeji, linavuja," akasema. "Ile sauti ya juu kabisa inatetemeka. Mahali sipaoni."

Ndipo akaona viti.

Sitaandika yote aliyoambiwa. Agnela alimwambia kwamba mtu mzima mwenye akili angejaribu chombo kwa wimbo wa harusi. Gadiel akajibu kwamba harusi hajaalikwa siku nyingi. Wakamcheka, wakamtukana, wakamcheka tena, naye alisimama tu amelikumbatia lile tarumbeta, hachekeshwi. Mimi nilijua anachofikiria. Jumamosi ni kesho.

Nikawaeleza watu. Nikatoa ile karatasi mfukoni, Gerson akaisoma kwa sauti, akafika kwenye jina la Tabea, akanirudishia. Agnela akafuta mikono kwenye kanga yake na kusimama.

"Leteni pipa," akasema.

Pipa langu la maji ya mvua lilikuwa limejaa. Gadiel akaziba mdomo mpana kwa mfuko wa nailoni na mpira wa baiskeli, akalizamisha, akapuliza. Tukainama wote, msiba mzima. Gerson akasema anaona. Ilikuwa ni jani. Gadiel alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Hapo," Agnela akasema. "Chini ya kibomba hicho kidogo, kinapokunja. Vitobo viwili."

"Sioni."

"Usingeona hata kama ni chura. Weka kidole. Hapo hapo."

Agnela amechambua mchele miaka hamsini. Gadiel akaweka kidole, povu likakatika. Akakwaruza alama kwa msumari.

Chuma chake cha kuchomea kinahitaji makaa mekundu. Makaa yalikuwapo jikoni kwa Tabea. Wanawake walikuwa wameshafungua, wamewasha moto, sufuria kubwa iko juu ya mafiga. Mimi nilikuwa sijawasha moto humo kwa miezi kumi. Napika barazani, kwenye gesi ndogo, chai na uji. Nilisimama mlangoni nikaona moshi unatoka pale unapotokeaga, juu ya ukuta, penye weusi. Gadiel akapita mbele yangu, akachuchumaa penye mafiga, akasukuma chuma ndani ya makaa.

"Ingia, shemeji, unishikie," akasema.

Nikaingia. Nikashika tarumbeta, yeye akachomea. Haikuchukua muda. Tone moja la risasi, halafu jingine. Akapuliza juu yake lipoe, tukarudi kwenye pipa, na Agnela akaangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Pameziba," akasema.

Ndizi zilikuwa zimeshamenywa, zingekuwa nyeusi kabla ya kufika kwa wenyewe. Wakazipika na maharage. Tukala kabla ya giza, watu kama thelathini, kwenye msiba wangu. Nilipewa nyingi. Gerson akasema ni nadra kumwona mhusika anakula hivyo. Wakati wa kuondoka Agnela aliosha sufuria ya Tabea akaitundika mahali pake. Alipajua bila kuuliza.

Watu wale hawakuishia hapo. Walikuwa wameliona povu, sasa walitaka kuona mwisho wake. Gerson akapata Coaster ya usharika. Jumamosi saa tisa tulikuwa Kimandolu, na kwa mlango wa pembeni Joyce akawaingiza wote.

Tulikaa tulivyozoea, wanaume kulia, wanawake kushoto. Watu wa mjini na watalii walikuwa wamekaa mchanganyiko. Walipoona tunajigawa wakadhani ni utaratibu, na wengine wakahama. Mzungu mmoja alitengana na mke wake kwa heshima kabisa. Kwa utaratibu wetu huo, miaka arobaini na tisa ya ndoa sijawahi kukaa na Tabea kanisani, na kadi ya dabo haingebadilisha. Niliiweka juu ya kiti cha jirani. Gadiel hakukikalia. Alikwenda mbele, benchi la ukutani, mahali pa kumwona Mutiso, na begi la vifaa miguuni.

Asubuhi ile Mutiso alikuwa amelijaribu tarumbeta mbele ya Mama Bente. Alipuliza juu, alipuliza chini, akaligeuza akaangalia yale matone ya risasi. Alisema si zuri kutazama. Mama Bente akasema yeye hatazami, anasikiliza. Wimbo ukabaki.

Muziki wa kwanza ulikuwa wa fidla peke yake. Mama Bente anaongoza kwa kijiti chembamba, na mkono wa kushoto kama anaonja mboga. Gerson alisinzia kidogo. Mimi hapana. Joyce akatoka na gauni la kijani, akaimba nyimbo mbili ambazo sikuzielewa maneno, na sauti ile ya kupasua bati sasa alikuwa ameishika kamba.

Halafu wa mwisho. Akalitaja jina la Tabea kwa Kiswahili, akasema ndiye mwalimu wake wa kwanza, wa mwiko. Akaanza kuita. Mutiso akajibu kwa chini, laini. Joyce akaita tena, kwa nguvu kidogo. Tarumbeta likajibu kwa mbali, ingawa lilikuwa pale pale. Nilijua ile ya juu inakuja, maana Gadiel alikuwa amesogea mpaka ukingo wa benchi na amebana midomo kama yeye ndiye anayepuliza.

Joyce akaita mara ya tatu. Akanyamaza. Fidla zikanyamaza. Tarumbeta likapanda peke yake mpaka juu kabisa, likakaa hapo.

Halikutetemeka.

"Halivuji," Agnela akasema, upande wa wanawake, si kwa sauti kubwa lakini kanisa lilikuwa kimya. Watalii wakageuka. Mama Bente hakugeuka. Joyce akachukua pale tarumbeta lilipoacha, akashuka na wimbo polepole mpaka mwisho. Nilikuwa naangalia ile kadi.

Vigelegele vilipoanza wale wa mjini walishtuka, kisha wakapiga makofi sana. Gadiel hakupiga. Alikuwa anafunga zipu ya begi lake, anaifunga na kuifungua.

Nje, Mutiso alimshika mkono kwa mikono miwili. Akamwambia alipulize kidogo, wamsikie fundi. Watu wetu wakasogea. Gadiel akalitazama lile konokono, akatikisa kichwa.

"Nina langu," akasema.

Tuliporudi kulikuwa bado na mwanga. Nilikuwa nabadilisha viatu nikasikia masale yanapenywa. Akaingia sebuleni bila hodi, akalitoa tarumbeta kwenye msumari, akapitisha kidole juu yake.

"Hata vumbi halina," akasema.

"Dada yako angesema."

Akaondoka nalo. Nikarudisha kalenda.

Asubuhi yake ilikuwa Jumapili. Gadiel akapuliza kabla ya kengele, kwenye kahawa, wimbo wa asubuhi, wa furaha, kila mtu anaujua. Nilikuwa jikoni kwa Tabea nachochea moto wa chai. Nikatoka kusikiliza. Juu ya masale ya upande ule mwingine nikaona kichwa cha Agnela, na mkononi ana kichane cha ndizi, endapo kuna msiba tena.

Nikamwinulia mkono.